Nyota Iliyokuwa Inakuja

Kichwa cha habari kilisomeka hivi: "Nyota yaja duniani kwa kasi ya ajabu, kijana wa Usagara aibaini." Neno "ajabu" aliliweka mhariri. Mengine yote yalitoka kwenye habari niliyoituma mimi, saa nne usiku, nikiwa nimekaa kitandani chumbani kwangu Nyakato, simu ikiwa kwenye chaji na moyo ukinidunda kwa furaha ya kuwahi.

Ilikuwa Julai 2020. Jumapili ya tarehe 21 Juni jua lilipatwa asubuhi. Sisi wa Mwanza tuliona limemegwa tu, halikufunikwa lote, lakini hilo lilitosha. Kwa wiki mbili watu hawakuwa na mazungumzo mengine isipokuwa corona na jua. Mhariri wangu, ambaye siku zote habari za sayansi aliziita "zile za kujazia", sasa akawa ananiuliza kila asubuhi: "Huna kingine cha angani?"

Nilikuwa nacho. Nilikuwa na mdogo wangu.

Alikuwa anasoma shahada ya pili ya fizikia katika chuo kimoja Uganda, upande wa nyota. Vyuo vilipofungwa Machi aliwahi kuvuka Mutukula, akarudi nyumbani Usagara na begi moja la nguo na laptopu ambayo betri yake ilishakufa, yaani umeme ukikatika nayo inazima. Kwa wasiopajua, Usagara ni pale njia panda: ukitoka Mwanza mjini, barabara moja inanyoosha kwenda Misungwi na Shinyanga, nyingine inakata kulia kwenda Kigongo, kisha unavuka ziwa kwenda Sengerema na Geita. Siku hizi unavuka kwa daraja, lilifunguliwa Juni 2025. Wakati ule ilikuwa kivuko na foleni yake. Mama alikuwa akichukua samaki Kigongo na kuwauza pale senta, sato na sangara, na hao samaki ndio waliotusomesha wote wawili.

Mdogo wangu alijibanza stoo, pembeni ya friza ya mama, kwa sababu ndipo penye soketi. Mchana alilala. Usiku alinunua bando la bei nafuu, lile la kuanzia saa sita, akafanya kazi mpaka jogoo wa jirani. Mama alikuwa na wasiwasi naye. Aliniambia kwenye simu, "Huyu mtoto anaangalia mistari usiku kucha. Nyota zenyewe ziko nje, hata hatoki kuzitazama."

Ni kweli, na hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza. Watu wengi wanaochunguza nyota hawatazami nyota, wanatazama mistari. Nuru ya nyota inapita kwenye upenyo mwembamba, inatawanywa kama upinde wa mvua, kamera inapiga picha. Kinachobaki ni mchirizi mweupe kwenye picha nyeusi, na ndani ya mchirizi kuna sehemu zilizofifia. Hizo sehemu ndizo habari yenyewe. Fraunhofer, fundi wa vioo wa Ujerumani, alianza kuziorodhesha kwenye nuru ya jua mwaka 1814 bila kujua ni nini. Baadaye ikafahamika kwamba kila elementi ina mistari yake, kama alama ya kidole. Heliamu ilionekana kwanza kwenye nuru ya jua, mwaka 1868, miaka ishirini na saba kabla ya mtu yeyote kuikamata hapa duniani. Mchirizi huo wa rangi Kiswahili chake ni spektra. Nimeangalia.

Sasa, picha ile peke yake haisemi kitu. Kamera inajua namba ya nukta tu: nukta ya mia saba, nukta ya mia nane. Haijui nukta ya mia saba ni rangi gani. Kwa hiyo kabla au baada ya kupiga picha ya nyota wanapiga picha ya taa, taa yenye gesi inayojulikana, argoni kwa mfano, ambayo mistari yake ilishapimwa maabara na kuandikwa. Unalinganisha. Unasema: huu mstari wa taa uko hapa, basi nukta hii ni urefu huu wa wimbi.

Mdogo wangu alinieleza hayo kwa mfano wa mizani ya mama, na hapo nikaelewa mara moja. Mama ana mizani ya saa, ile ya kuning'iniza, ina muhuri wa Wakala wa Vipimo, lakini yeye haiamini hivihivi. Kila asubuhi kabla ya kufungua biashara anaweka juu yake paketi ya sukari ya kilo moja, ile ile, ameizungushia nailoni na hakuna ruhusa ya kuigusa hata chai ikikosa sukari nyumba nzima. Mshale ukisoma kilo, anaanza. Ukisoma pungufu au zaidi, anaurekebisha. "Taa ndiyo sukari ya mama," mdogo wangu alisema.

Usiku ule wa Julai alinipigia saa tatu. Alikuwa anaongea haraka.

"Dada, nyota yangu inakuja."

"Inakuja wapi?"

"Huku kwetu. Kilomita tisini kwa sekunde. Mistari yote imesogea upande wa bluu, yote, kwa kiasi kilekile."

Spektra ile hakuipiga yeye. Alipewa na mwalimu wake, imetoka kwenye darubini za Sutherland, Afrika Kusini. Nyota yenyewe haina jina, ina namba. Ikiwa chanzo cha nuru kinakukaribia, mistari inasogea upande wa bluu. Kikiondoka inasogea upande wa nyekundu. Ni kama king'ora cha gari la wagonjwa linapokuja na linapopita. Kilomita tisini kwa sekunde si jambo lisilowezekana. Ile Nyota ya Barnard, jirani yetu wa miaka sita ya nuru, inatukaribia kwa takriban kilomita 110 kwa sekunde na hakuna aliyehama nyumba. Lakini nyota ya mdogo wangu haikutegemewa kwenda hivyo, na ndiyo maana sauti yake ilikuwa vile.

Nilimuuliza maswali matano au sita. Niliandika majibu. Mwisho akasema, na hili nalikumbuka vizuri kwa sababu daftari ninalo bado na nililiandika: "Sijahakiki, dada. Usiandike kwanza."

Nikamwambia sawa.

Saa nne nilituma.

Najua nilichojiambia. Nilijiambia kwamba wanasayansi wote husema hivyo, kwamba ni unyenyekevu wake. Nilijiambia namfanyia wema, kwamba kijana wa Usagara anayelala pembeni ya friza anastahili kujulikana. Zote hizo zilikuwa kweli kidogo. Kweli kubwa ni kwamba nilitaka ukurasa wa kwanza, na nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja bila kuwahi kuupata.

Jumatano gazeti lilifika senta. Kufika mchana, mama alikuwa ameulizwa na wateja zaidi ya ishirini nyota itafika lini. Mzee mmoja fundi baiskeli alikuja taratibu, akasalimia "mwadila" kama kawaida yake, akakaa kwenye kiti, akamwomba mama aeleze kwa utulivu itaangukia upande gani wa ziwa. Mama mmoja mwenzake wa kikoba alitaka kujua kama bado kuna haja ya kumalizia marejesho. Huyu wa mwisho nadhani alikuwa anatania. Mama hakuwa na la kujibu, alikuwa anasema tu, "Mwanangu anajua, amelala."

Mdogo wangu alipoamka na kuonyeshwa gazeti hakunipigia. Alinitumia ujumbe wa maneno mawili: "Dada jamani."

Lazima niwaeleze walikuwa wanafanya nini pale usiku, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki.

Walikuwa sita, wanafunzi wa Uganda, Kenya, Ethiopia, Rwanda, na yeye Mtanzania peke yake. Kila mmoja alikuwa na spektra zake na kila mmoja alikuwa ameandika programu yake ya kuzisafisha: kuondoa kelele za kamera, kuondoa nuru ya anga lenyewe, kulinganisha na taa, kupima mistari. Programu sita zinazofanya kazi ileile, kila moja na makosa yake. Corona ilipowatawanya wakakubaliana kuziunganisha ziwe moja, waiweke mahali pa wazi mtandaoni, kila mmoja atengeneze kipande chake na mwenzake akikague.

Nilifikiri hilo ni wazo lao. Kumbe ndiyo historia yote ya kazi hiyo. Zamani kulikuwa na programu kubwa iitwayo IRAF, iliyoanza kuandikwa mwaka 1981 huko Tucson, Arizona, kwenye kituo cha taifa cha darubini. Vizazi viwili vya wanaanga duniani walipimia spektra zao humo. Mwaka 2013 kituo kikaacha kuihudumia. Haikufa lakini. Watu waliokuwa wakiitumia waliichukua, wakaendelea kuiziba viraka wao wenyewe, bila kuagizwa na yeyote. Wakati huohuo, kuanzia 2011, vijana waliokuwa wakiandika kwa lugha ya Python waligundua kwamba kila mmoja anaunda upya gurudumu la mwenzake, wakaanzisha Astropy, sanduku moja la zana ambalo kila mtu anachota na kila mtu anaruhusiwa kuongeza. Ndani ya familia hiyo ipo specutils, ya spektra hasa. Mafaili yenyewe bado yanatunzwa kwa muundo wa FITS, ambao nao ni wa 1981, na kila mstari wa maelezo mwanzoni mwa faili una herufi themanini, si zaidi, kwa sababu kadi za kutoboa za kompyuta za zamani zilikuwa na nafasi themanini. Mdogo wangu alikuwa stoo Usagara mwaka 2020, anahesabu herufi zisizidi themanini kwa ajili ya kadi ambazo hajawahi kuziona.

Mama aliwahi kumuuliza, nami nikiwepo: "Hao watu wanakulipa?"

"Hapana, mama."

"Wanakupa nini?"

"Wananipa vya kwao."

Mama alitafakari. "Kama kikoba," akasema, na akarudi kwa samaki wake. Sijawahi kusikia maelezo mafupi zaidi, ingawa kikoba kina mweka hazina na hawa hawana. Mwaka 2016 baadhi ya wanaanga waliandika makala waliyoiita "Tatizo la Astropy", wakalalamika kwamba zana inayotegemewa na taaluma nzima imeandikwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi na watafiti vijana, kwa kujitolea, na kwamba kazi hiyo haiwasaidii kupata ajira kwa sababu vyuo vinahesabu machapisho, havihesabu zana. Niliposoma makala hiyo nilimuona mdogo wangu na friza.

Turudi kwenye nyota.

Siku tisa baada ya gazeti, mmoja wa wale sita, aliyeko Addis Ababa, aliandika kwenye ukurasa wao wa kazi. Aliandika kwa Kiingereza, nami naeleza kwa maneno yangu: nimepitisha nyota zangu kumi na moja kwenye kipande chako, na zote zinatukaribia kwa kasi ya kilomita themanini na kitu. Hivi sisi tuna nini, mbona zote zinatujia? Halafu akauliza swali moja: orodha yako ya mistari ni ya hewani au ya kwenye ombwe?

Hapo ndipo penyewe. Nuru inapopita kwenye hewa inapungua mwendo kidogo, na urefu wa wimbi lake unafupika kidogo, kama sehemu tatu hivi kati ya elfu kumi. Ule mstari mwekundu maarufu wa haidrojeni, ukiupima hewani unapata angstromu 6562.8, kwenye ombwe, mahali pasipo na hewa, ni 6564.6. Tofauti haifiki angstromu mbili. Wanaanga wengi wa nuru ya kawaida huandika vipimo vya hewani, ni desturi ya zamani. Mradi mkubwa wa Marekani wa SDSS, ambao spektra zake ziko wazi kwa yeyote, unaandika vya ombwe. Mdogo wangu alichukua spektra ya Sutherland, iliyopimwa kwa orodha ya taa ya hewani, akailinganisha na kiolezo alichokitoa SDSS. Alipima samaki kwa mizani mbili tofauti. Zidisha hizo sehemu karibu tatu kati ya elfu kumi kwa kasi ya nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde, unapata themanini na tatu.

Tisini toa themanini na tatu.

"Bado inakuja, dada," aliniambia baadaye, miezi mingi baadaye, tulipoanza tena kuongea vizuri. "Kilomita saba."

Kilichonishangaza si kosa. Ni alichofanya usiku uleule. Ndani ya specutils tayari kuna kipande kidogo cha kubadilisha vipimo vya hewani kuwa vya ombwe na kinyume chake, mtu mwingine alishakiandika na kukitoa bure. Mdogo wangu alikiunganisha, akaongeza jaribio dogo ambalo programu inajifanyia yenyewe kila inapobadilishwa: inachukua nyota ambayo kasi yake inajulikana, inaipima, na jibu likitofautiana inagoma kuendelea. Paketi ya sukari. Kisha akaandika maelezo ya badiliko, ambayo nimeyasoma kwa macho yangu na yapo mpaka leo. Yanasema kosa lilikuwa wapi, lilianza tarehe ngapi, matokeo gani yaliyotolewa kati ya tarehe hizo yasiaminiwe, na nani aliyeandika msimbo ule. Aliyeandika ni yeye. Amemshukuru wa Addis.

Nilimuuliza, "Si ungefuta tu ile ya zamani, uweke mpya?"

"Haifutiki. Kila badiliko linabaki."

"Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuona ulikosea?"

"Kuna amri kabisa ya kuonyesha nani aliandika mstari upi." Akacheka. "Inaitwa lawama."

Nilidhani ananitania. Hakutania. Kwa Kiingereza ndilo neno lenyewe: unaandika lawama na jina la faili, na kila mstari unatokea na jina la mwandishi wake na tarehe.

Mimi nami nilikwenda kwa mhariri. Nilimweleza kwamba nyota haiji, au inakuja kwa mwendo ambao hauna habari, na kwamba tunatakiwa kuandika masahihisho. Alinisikiliza huku akisoma kitu kingine kwenye kompyuta. "Nani amelalamika?" akauliza. Nikasema hakuna. "Sasa?" Nikasema mhusika mwenyewe, mdogo wangu. "Si ndugu yako? Muombe radhi nyumbani." Nilirudi mara ya pili na sentensi mbili nilizokwisha kuziandika, sentensi mbili tu, zingekaa hata chini ya tangazo la mnada. Akaniuliza tutaonekanaje. Mara ya tatu sikurudi, na hilo halimhusu yeye, linanihusu mimi. Ningeweza kurudi.

Karibu na wakati ule nilisoma kuhusu Cecilia Payne. Mwaka 1925, kwenye tasnifu yake ya Harvard, alionyesha kwa spektra kwamba nyota kwa sehemu kubwa kabisa ni haidrojeni. Mkubwa mmoja wa taaluma, Henry Norris Russell, alimshauri kwamba haiwezekani, na Payne akaandika ndani ya kazi yake mwenyewe kwamba matokeo hayo karibu hakika si ya kweli. Mwaka 1929 Russell naye akafikia jibu lilelile. Nilikaa na hadithi hiyo siku nyingi. Yule alikuwa sahihi na akalazimika kujisahihisha. Mimi nilikuwa nimekosea na sikulazimishwa na mtu.

Habari ipo mtandaoni hadi leo. Gazeti lilibadilisha tovuti mara mbili na nilitumaini itapotea humo katikati. Haikupotea. Ukitafuta jina kamili la mdogo wangu ndiyo inayotangulia, kabla ya tasnifu yake, kabla ya ukurasa wa ile programu.

Mwaka 2022 aliitwa kwenye usaili wa shahada ya uzamivu, kwa video, Ulaya. Walikuwa wanne kwenye skrini. Walimuuliza kuhusu tasnifu, kuhusu programu, mambo yakaenda vizuri. Mwisho mmoja wao akasema ameona mahali, kwa tafsiri ya mashine, kwamba aligundua nyota inayokuja kugonga dunia. Alisema kwa tabasamu. Mdogo wangu akaeleza: hewa, ombwe, dada yake. Walicheka wote, naye akacheka. Nafasi hiyo hakuipata. Barua haikutaja sababu, na yeye husema waombaji walikuwa wengi, na huenda ni kweli. Huwa anasema hivyo haraka kidogo.

Sasa anafundisha fizikia sekondari moja ya huku kwetu na usiku bado anatunza ile programu. Wale sita wamebaki watatu, wawili wamepata kazi benki na mmoja amenyamaza tu. Lakini watumiaji wameongezeka. Wanafunzi kutoka vyuo ambavyo havina mwalimu wa spektra hata mmoja wanaandika kuuliza maswali. Ukanda wetu una watu wachache kwenye kazi hii lakini wapo: Mbarara kuna kundi linalochunguza nyota kwa miaka mingi, Ethiopia wana darubini mbili za mita moja juu ya mlima Entoto, na hapa kwetu Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria amewaelezea Watanzania anga kwa miaka, magazetini, kwa uangalifu ambao mimi sikuwa nao. Mwanafunzi akikosa wa kumuuliza, anauliza programu, na programu ikimdanganya hana wa kumwambia. Nilikuwa nikidhani mdogo wangu anatumia usiku wake bure kwa sababu hagundui chochote. Anaziba mahali ambapo wengine wangetumbukia.

Mwaka jana aliniomba vitu viwili. Cha kwanza, nimsaidie kuandika mwongozo wa programu kwa Kiswahili, maana baadhi ya wanaoanza wanakwama kwenye Kiingereza kabla hata hawajafika kwenye fizikia. Nilikubali nikidhani ni kazi ya jioni mbili. Imechukua miezi minne. TUKI walitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu 1990, na nashangaa kwamba nimekuwa mwandishi wa habari miaka yote hii bila kuifungua. Tulibishana sana. Yeye hapendi "ombwe", anasema wanafunzi wake watacheka, anataka "pasipo hewa". Nilishinda hilo. Kwenye "urefu wa wimbi" hatukubishana. Kwenye neno la ule upenyo mwembamba alinishinda, tumeandika "ufa", ingawa ufa kwangu ni kitu kilichoharibika.

Katika sura ya tatu, ile ya hewa na ombwe, ambayo niliiandika kwa uangalifu kuliko zote kwa sababu ambazo hazihitaji kuelezwa, nilibadilisha namba. Niliweka 6564.6 kuwa ya hewani. Mwanafunzi mmoja wa Dodoma akaona, akaandika. Nilirekebisha mwenyewe, mdogo wangu akinielekeza kwa simu amri za kuandika, na kwenye kisanduku cha maelezo nikaandika kosa ni lipi, limekaa siku ngapi, na la nani. Ukitumia ile amri ya lawama kwenye mstari huo jina langu linatokea.

Kitu cha pili alichoniomba ni hiki mnachosoma. Alitaka kiandikwe mahali, kwa Kiswahili, kwa jina langu, nyota haikuwa inakuja. Nimemtumia nakala kabla ya kuichapisha, na safari hii nimesubiri jibu. Alirudisha na masahihisho manne. Alinipigia saa mbili, si saa tatu. Bado sijakubali hilo, daftari langu linasema tatu. Mizani ya mama siyo ya kuning'iniza tena, alinunua ya mezani mwaka juzi, ila paketi ya sukari ni ileile. Wa Addis alikuwa na nyota kumi na mbili, na moja kati ya hizo kweli ilikuwa inatukaribia. La nne, anataka nitoe sehemu ya usaili. Hiyo nimeiacha. Tumeandikiana hivyo kwenye ujumbe, yeye amependekeza, mimi nimekataa, na tarehe.